Mfuate Mpiga Besi

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki, na nyinyi wanamuziki mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: habari za jioni.

Nimeombwa niseme namna ya kuwapata wanamuziki wanaojitegemea katika mji. Waandaaji wamenipa dakika ishirini, wakaniambia ikifika ya ishirini na moja mtu wa ngoma ataanza kupima ngoma zake, niwe nimemaliza au sijamaliza. Namfahamu mtu huyo. Ataanza kweli. Kwa hiyo sitazunguka.

Shauri langu ni moja. Mfuate mpiga besi.

Mnacheka, na wapiga besi waliomo humu wanacheka zaidi, maana hawajazoea kutajwa. Lakini siwatanii. Kwa miaka kumi na moja nilikaa kwenye meza ya mitambo, nikiwanyanyulia watu sauti na kuwashushia, na kila mara mtu aliponiuliza wapi atawasikia wasanii wapya wa mji nilimpa majina ya kumbi. Akaenda, akakuta usiku mbaya, akarudi kwake na imani kwamba mji hauna muziki. Kosa lilikuwa langu. Ukumbi ni jengo tu. Leo unapiga, kesho umefungwa, keshokutwa ni duka la viatu. Muziki wa mji unakaa ndani ya watu, na watu wenyewe si wengi kama unavyodhani.

Angalieni hesabu ilivyo. Kila kijana anayeshika ala kwa mara ya kwanza anataka gitaa la solo, au anataka maikrofoni. Besi, gitaa la sauti nzito za chini, huangukia kwa yule aliyechelewa kufika siku bendi inaundwa. Ndiyo maana karibu kila mahali nilipofanya kazi wapiga solo walikuwa wamejaa tele, na mpiga besi mzuri alitafutwa kwa tochi. Mtu huyo anakuwa mali ya wengi. Jumanne yuko na hawa, Alhamisi yuko na wale, na Jumamosi saa kumi jioni anapigiwa simu: mwenzetu anaumwa, njoo utuokoe, nyimbo ni kumi na mbili, tutakuelekeza hukohuko. Mwimbaji ana bendi moja na anaitaja kila anapofungua mdomo. Mpiga besi ana bendi nne na hataji hata moja mpaka umuulize.

Mimi nilijaribu. Mwezi mmoja nilichukua daftari nikamfuata kijana mmoja kila alipokwenda kupiga. Kijana huyo nitamrudia, shikeni alama moja tu: mkanda wa gitaa lake ulikuwa umekatika karibu na kitasa, naye akaufunga kwa kamba ya kiatu, nyeupe. Alinifikisha kwa kundi la jazi linalofanyia mazoezi ghala la mbao, kwa bendi ya sherehe iliyokuwa na mwimbaji wa ajabu anayelazimishwa kuimba nyimbo za watu, na kwa watu watatu waliokuwa wakipiga kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Hao wote walikuwa mjini miaka yote niliyokuwa nimekaa mezani. Hakuna hata mmoja niliyekuwa nimemsikia.

Na mpiga besi mzuri hukuchagulia. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Amepiga na kila mtu, kwa hiyo anajua nani huja mazoezini nyimbo zikiwa kichwani na nani huja kuzitafuta palepale. Anajua nani hulipa wenzake na nani huaga kwa ahadi. Ukimwona mtu kama huyo, mwenye kazi za kutosha, amesimama nyuma ya binti asiyejulikana, mbele ya watu kumi na mmoja, kwa ujira wa nauli, basi umepewa ushahidi ambao hakuna tangazo litakalokupa. Hayupo pale kwa ajili ya pesa. Kuna kitu amekisikia.

Ngojeni niwape mfano wa nje, maana mambo haya si ya mji mmoja.

Detroit, Marekani, miaka ya 1960. Nyimbo za kampuni ya santuri ya Motown zilikuwa redioni kila pembe ya dunia na majina ya waimbaji wake yalijulikana mpaka kwa watoto. Besi iliyokuwa ikizisukuma nyingi kati ya nyimbo hizo ilikuwa ya mtu mmoja, James Jamerson. Jina lake halikuwa kwenye jalada. Mpaka 1971, katika albamu ya mwimbaji wao Marvin Gaye, ndipo wapigaji wale walipoandikwa. Lakini usiku, wakitoka studio, Jamerson na wenzake walikwenda kupiga jazi katika vilabu vya mji huohuo. Kijana wa Detroit aliyekuwa akigombania santuri dukani angeweza usiku huohuo kusimama hatua tatu kutoka kwa vidole vilivyoipiga, kama angejua amtafute nani.

Sasa sikilizeni inavyoendelea. Katika kundi lilelile la wapigaji wa studio za Motown alikuwamo mpiga besi mwingine, Bob Babbitt. Mwaka 1970 Babbitt alipiga besi katika albamu ya kwanza ya mtu wa Detroit aliyeitwa Rodriguez, Sixto Rodriguez. Gitaa la umeme lilipigwa na Dennis Coffey, naye vilevile ni mtu wa studio zile. Coffey na mtayarishaji mwenzake walisimulia baadaye kwamba walipokwenda kumsikiliza Rodriguez kwa mara ya kwanza, katika kibaa chenye moshi, walimkuta anaimba ameipa hadhira mgongo.

Albamu ile haikuuzika Marekani. Ya pili, ya 1971, nayo vivyo hivyo. Lebo, yaani kampuni iliyotoa santuri zake, ikamwacha, mwenyewe akarudi kwenye vibarua vya kubomoa na kukarabati nyumba. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Afrika Kusini, santuri zake zilikuwa zinanunuliwa na kununuliwa. Vijana wa enzi za ubaguzi wa rangi walizijua kwa moyo, na wengi waliamini mwimbaji amekwisha kufa. Mwaka 1998 akaenda huko, akaimba mbele ya maelfu walioimba naye neno kwa neno. Nabii hakubaliki kwao, mnalijua hilo. Lakini mimi huwa sifikirii maelfu wale. Namfikiria mtu mmoja wa Detroit, mwaka 1970, ambaye angegeuza jalada la ile albamu, akaona jina la Babbitt, akasema huyu nampata wapi tena? Angemfikia Rodriguez kwa basi la mjini, miaka 28 kabla ya shangwe za ng'ambo.

Najua kuna mtu ananong'ona kwamba Rodriguez alikuwa na lebo, hakuwa huru. Kweli. Ila lebo ikishakuacha unakuwa huru kuliko wote humu.

Tena jalada. Tumeacha kusoma majalada na hasara yake hatuijui. Manchester, Uingereza, tarehe 4 Juni 1976, vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliialika bendi ya punk ya Sex Pistols kutoka London. Walitaka bendi yao wenyewe, Buzzcocks, ipige usiku huo, lakini haikuwa tayari. Walikuja watu wachache tu, kama 40 hivi. Siku hizi wanaodai walikuwapo usiku ule ni wengi kiasi kwamba ukumbi ungepasuka. Miezi michache baadaye, Januari 1977, Buzzcocks walikopa pesa kwa jamaa na marafiki wakatoa santuri yao ya nyimbo nne, nakala 1,000 za mwanzo, kwa lebo waliyoianzisha wenyewe. Na nyuma ya jalada wakaandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi studio, na nini kiliongezwa juu yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wao walikuonyesha misumari.

Katika wale watu wachache wa usiku wa Sex Pistols alikuwamo kijana mmoja, Peter Hook. Kesho yake akaenda kununua gitaa. Gitaa gani? Besi. Wallahi sikupanga mimi. Hook ndiye aliyekuja kupiga besi katika bendi ya Joy Division, kisha New Order. Washington nako, lebo ya Dischord ya mwaka 1980 ilianzishwa ili kutoa santuri ya bendi ya Teen Idles, na mmoja wa waanzilishi wake, Ian MacKaye, ndiye aliyekuwa mpiga besi wa bendi hiyo. Walikata majalada kwa mkasi, wakayakunja na kuyabandika gundi wenyewe, kisha wakajiwekea sharti la kutoa muziki wa watu wa mji wao peke yake. Ukipata lebo ndogo ya namna hiyo katika mji wako, una orodha mkononi tayari.

Mtaniuliza: na muziki usio na mpiga besi? Kijana wa kompyuta aliyejifungia chumbani, au wa kufokafoka anayeimba juu ya midundo? Swali halali. Huko mtafute mtu wanayemshiriki wote. Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, katika sherehe aliyoiandaa Cindy Campbell, hapakuwa na bendi. Palikuwa na kaka yake, DJ Kool Herc, santuri na spika. Vijana waliofuata spika zile kila zilipokwenda ndio waliojionea hip hop inazaliwa. Kila mji una chumba kimoja kilichozibwa godoro dirishani ambako nusu ya wasanii wa mji hurekodia, na una mtu mmoja anayetengeneza midundo ya watu saba. Huyo ndiye mpiga besi wao.

Sasa nikiri kosa langu, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Usiku mmoja nilikuwa mezani, makundi matatu yamepangwa. Watu ukumbini walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wanasubiri zamu yao ya kupiga. Akapanda binti mwenye gitaa kavu, na nyuma yake mpiga besi. Nikawapimia sauti haraka, nikaona kila kitu kimetulia, nikatoka nje kupiga simu ambayo leo siikumbuki ilikuwa ya nini. Niliporudi nilikuta nusu ya wimbo wa mwisho. Uzi mmoja wa gitaa ulikuwa umekatika na unaning'inia, naye hakuwa amesimama kuubadilisha; alikuwa ameuhamishia wimbo wote kwenye nyuzi tano zilizobaki na anaimba chini zaidi, polepole, na mpiga besi amepanda juu kabisa ya mpini kumjazia pale uzi ulipokosekana. Wale kumi na mmoja hawakukohoa. Nilisimama mlangoni na simu mkononi. Wimbo ukaisha, akashukuru, akakunja waya wake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo kama mtu aliyeununua kwa pesa yake, akaondoka kabla kundi la pili halijapanda.

Nikalitafuta jina lake kwenye bango. Bango lilikuwa na jina la kundi kubwa kwa herufi za kiganja, la kundi la pili kwa herufi za kidole, na chini kabisa: na wengineo.

Jina lake lilikuwa "na wengineo."

Tangu siku hiyo nasoma mabango kuanzia chini. Anayeujaza ukumbi huna haja ya kumgundua, amekwisha kugunduliwa. Unayemtafuta amekaa kwenye mstari ule wa mwisho, na hupanda jukwaani saa ambayo watu wa heshima bado wako nyumbani wanachagua shati. Fika mapema. Fika hata kabla ya mlango kufunguliwa kama mwenye ukumbi hana neno, usikilize wanavyopima mitambo. Katika kupima, mtu hajajipamba. Utamsikia anayeimba kwa ajili ya spika tu kana kwamba kuna watu, na utamsikia anayesema "moja, mbili" kwa dakika kumi na kulalamika hajisikii.

Binti yule sikumpata kwa bango wala kwa mwenye ukumbi, ambaye alimkumbuka kama "yule wa kwanza." Nilichokuwa nacho ni mtu mmoja tu niliyemwona vizuri: mpiga besi, mwenye kamba nyeupe ya kiatu mkandani. Ndipo nikachukua daftari. Nilianza kumfuata si kwa hekima, ni kwa majuto. Wiki ya tatu, nyuma ya ghala lile la mbao, nikamuuliza. Akanitazama kwanza, akaniambia, "Wewe si ndiye fundi uliyetoka nje?" Walikuwa wameniona.

Mtu atasema, mbona yote haya, si kuna mtandao? Upo, na mimi nautumia kila siku. Ila jueni unavyofanya kazi. Programu za kusikilizia muziki hupendekeza sana kwa kufuata nyayo: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile. Msanii mwenye wasikilizaji sitini hana nyayo za kutosha, kwa hiyo mashine haimwoni, hata kama anaishi nyumba ya pili kutoka kwako. Na asipoonwa halipwi. Tangu 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili hauingii kwenye hesabu ya mirabaha ya Spotify, mojawapo ya programu hizo. Sisemi msisikilize huko. Nasema msingoje huko mletewe mtu wa mtaani kwenu.

Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe, iliyoanza 2008, ina faida moja ndogo ninayoipenda: wasanii huandika mji wao, nawe unaweza kutafuta kwa jina la mji. Jaribuni usiku mmoja. Utakutana na takataka nyingi, sitawadanganya, na rekodi zilizofanywa karibu mno na feni. Lakini fungueni maelezo chini ya kila wimbo, mahali wanapoandika nani kapiga nini, mkaone majina yanayojirudia. Jina likijirudia mara tatu katika rekodi za watu tofauti, liandike. Kisha zima simu uende ukamtazame mwenyewe.

Na ukishampata? Hapo wengi huharibu. Humrekodi kwa simu wimbo mzima, wanapandisha picha, wanamwita hazina iliyofichika, hawarudi tena. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; na mgema huyu wetu hata hajauza kata ya kwanza. Rudi. Mara ya kwanza umesikia sauti, mara ya pili unasikia nyimbo, na ya tatu ndiyo unaanza kusikia kilichobadilika, kwamba ule wimbo wa pili sasa umepata mwanzo mwingine na ule wa nne ameutupa. Raha ya kumfuata msanii mchanga ni hiyo, na haipatikani kwa yule aliyekwisha kuwa maarufu, maana huyo akibadilisha wimbo watu wanadai kiingilio chao.

Lipa mlangoni hata kama unamjua mwenye mlango. Nunua anachouza, mkononi kwake: santuri, kanda, fulana, hata kama mashine ya kanda huna. Pesa ile inalala mfukoni mwake usiku uleule, haisubiri mtu wa hesabu katika nchi nyingine. Na ukikosa cha kumwambia baada ya onyesho, maana wengi tunashikwa na haya, usimwambie alikuwa mzuri, hilo ameambiwa na mama yake. Muulize, "Besi ni nani?" Utaona uso unavyofunguka. Kwanza amejua kuwa ulisikiliza. Pili atakupa jina, na jina hilo lina bendi nyingine tatu.

Mnamsikia? Ndiye huyo, ngoma ya kwanza hiyo, na kwa saa yangu bado nina dakika nzima. Sawa, namwachia.

Nimalizie kwa tangazo la leo. Bango la mlangoni lina majina mawili makubwa, mmeyaona, ndiyo yaliyowaleta. Chini yake pameandikwa "na wengineo," na hao ndio wanaopanda sasa hivi. Mwimbaji simjui, sijawahi kumwona. Lakini nikisimama hapa naona mtu ameinama anachomeka waya nyuma ya spika, gitaa mgongoni, na mkanda wake umefungwa karibu na kitasa kwa kamba ya kiatu. Safari hii ni ya buluu.

Nashuka. Nisogezeeni nafasi huko mbele.